Paseki Arobaini

Naliaka alikuwa ameshika kitasa cha mlango Awinja alipoiuliza simu swali la mwisho. Nje, langoni, wenzake Naliaka walikuwa wakimwita. Walikuwa wanaenda sherehe ya rafiki yao mtaani Amalemba, na alikuwa amechelewa kwa sababu ya maswali haya haya ya vipimo.

Wasichana hao wawili walipanga chumba kimoja Shirere, wote wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni. Awinja hakuwa akiona tangu utotoni. Alisomea ualimu wa fizikia, na Jumamosi angezungumza kwenye siku ya sayansi kuhusu vitu vidogo mno na vilivyo mbali mno: upana wa atomu, ukubwa wa kirusi, umbali wa nyota. Wiki nzima Naliaka alikuwa akimsomea vitabu na kumgeuzia nanomita kuwa mita, mpaka jioni hiyo akachoka. "Si uulize tu simu?" alisema. "Inajua kuliko mimi."

Awinja hakubisha. Sasa alikuwa amefika kwenye nyota yake, iliyo umbali wa paseki arobaini, na alitaka kujua hiyo ni miaka mingapi ya nuru. Simu ilielewa Kiingereza vizuri zaidi, basi akaiuliza kwa Kiingereza. Yeye alisema foti, arobaini. Kwenye kioo Naliaka akaona simu imeandika fotini, yaani kumi na nne. Kisha ikajibu kwa ile sauti yake ya kujiamini, bila kurudia swali: miaka ya nuru arobaini na tano na kitu.

"Arobaini na tano!" Awinja akapiga makofi. "Naliaka, huo ni umri wa mama! Nuru inayofika leo ilitoka huko mwaka aliozaliwa."

Naliaka alifungua mdomo. Akisema, itabidi arudi aketi, waanze tena. Langoni waliita jina lake kwa mara nyingine. Atagundua mwenyewe, akajiambia.

"Poa sana," akasema, akafunga mlango.

Kesho yake Awinja alikuwa ameipanga hotuba yote upya, mama yake akiwa ndiye kiini. Aliirudia akiosha vyombo, aliirudia akisuka nywele. Kila mara Naliaka alitaka kusema, na kila mara ilikuwa vigumu zaidi, maana sasa angelazimika kueleza pia ameyajua hayo tangu lini.

Jumamosi asubuhi mama yake Awinja, Mama Maximilla, alifika kutoka Khwisero na ingokho, kuku wa kienyeji, kwenye hotipoti, pamoja na obusuma, ugali wa kwao, uliofungwa vizuri.

"Kula, mwanangu," alimwambia Naliaka, akimchagulia paja la kuku. "Mimi nikiwa kule nyumbani nawaza juu ya huyu mtoto. Halafu nakumbuka ako na macho yako, nalala."

Naliaka alilirudisha paja kwenye sahani. Akasingizia tumbo.

Ukumbini Awinja alizungumza vizuri kiasi kwamba watu waliacha kuchezea simu. Alipofika kwa nyota na mwaka wa kuzaliwa kwa mama yake, Mama Maximilla alipangusa macho kwa ncha ya leso. Ndipo Daktari Andati, mhadhiri wa fizikia, akainua mkono.

"Awinja, paseki moja ni miaka mingapi ya nuru?"

"Mitatu nukta mbili sita."

"Na nyota yako iko paseki ngapi?"

"Aro..." Naliaka aliona midomo yake ikihesabu. "Mia moja na thelathini," alisema kwa sauti ndogo. "Samahani, mwalimu. Niliamini simu. Nilifurahi, sikuhesabu."

Huko nyuma wengine walicheka. Mama Maximilla, ambaye hakuelewa kosa liko wapi, alipiga makofi peke yake.

Nje Naliaka alimshika Awinja mkono. "Simu ilisikia kumi na nne. Niliona kwa kioo."

"Uliona lini?"

"Ile jioni."

"Na ukanyamaza kwa nini?"

Angeweza kusema hakutaka kumharibia furaha. "Nilitaka kwenda. Nilikuwa nimechoka na kukusomea."

Awinja aliutoa mkono wake polepole. "Kuchoka si kosa. Hata mimi huchoka kuomba. Ungesema, ningetafuta mtu mwingine. Sasa umeniacha nisimame vile mbele ya mama."

"Nisamehe, Awinja."

"Nitakusamehe. Lakini si leo."

Mama Maximilla aliwafikia akitabasamu. "Kwani hiyo nuru ilitoka lini?"

"Kabla nyanya hajazaliwa, mama."

"Basi imetoka mbali kweli," akasema, ameridhika.

Jumatatu Naliaka alirudi mapema kutoka darasani, akachemsha chai. "Nikusomee?"

"Cheptoo atanisomea," Awinja akajibu, bila hasira. Akachukua karatasi zake na fimbo, akapapasa ukuta hadi chumba cha jirani yao huyo.

Kupitia ukutani Naliaka alimsikia Cheptoo akikwama kwenye neno, akirudia, akikwama tena, na Awinja akimwambia aitaje herufi moja moja.