Kikombe cha Mwalimu

Funda la kwanza lilinijulisha kwamba ile haikuwa chai. Ulimi ulinikauka, machozi yakanilenga, na mbele yangu ameketi Mwalimu, baba wa msichana niliyekuja kumposa, ananitazama usoni. Nikameza. Ningefanya nini? Mbele ya mkwe mtu hatemi.

Mwalimu alikuwa akitunga kamusi ya Kiarabu cha kale, iliyopangwa kwa mizizi: kila mzizi na watoto wake wote, wapatane wasipatane. Sharti lake liliwachosha watu wa nyumba ile, kwani hakuna maana iliyoingia kamusini kabla hajaijaribu mwenyewe. Posa yangu aliahidi kuijibu akimaliza mzizi aliokuwa nao mkononi, na kwa bahati yangu ulikuwa ule uliotuzalia neno subira. Nilipolalamika alinijibu kwamba subira yavuta heri, kisha akanieleza kwa kirefu kuwa mzizi huohuo ni kumfunga mtu asiondoke, na kwamba shubiri nayo, pamoja na uchungu wake, ni ndugu wa tumbo moja. Mimi ni fundi makochi, kamba ninazo. Nilimfunga kitini kwa ombi lake, akashinda asubuhi nzima akitabasamu, huku mkewe akinitazama kama jambazi.

Ikabaki shubiri. Binti alileta vikombe viwili vya aina moja, cha chai kwa mgeni na cha shubiri kwa baba yake, akaviweka mezani, akarudi jikoni.

Mwalimu akanywa, akakunja uso, akanywa tena. Alisema kwa huzuni kwamba ni tamu, na kwamba wazee wa lugha wamewadanganya watu karne na karne. Akachukua kalamu. Roho iliniuma. Nikisema, nimemwaibisha binti. Nikinyamaza, kazi ya maisha ya mzee itachekwa na kila aliyewahi kuramba shubiri. Nikajikaza kisabuni, nikanywa mpaka chini.

Kumbe Mwalimu alikuwa ameyaona machozi yangu. Alivuta kikombe changu, akachovya kidole, akaramba. Uso ulimsinyaa kama kitambaa kilicholoana.

"Ulijua?"

"Tangu funda la kwanza, Mwalimu."

"Na umemaliza."

"Chai ya nyumbani kwako hairudishwi."

Akaanza kucheka mpaka mkewe akaja kuchungulia.

"Mzizi wote umekaa kwenye kiti cha mgeni," alisema. "Mlete mjomba wako tuzungumze."

Miaka mingi baadaye, tukiwa na watoto wetu, nilimuuliza mke wangu ilikuwaje akapishanisha vikombe, yeye asiyewahi kukosea hata sukari. Alikuwa anakunja nguo, wala hakuinua macho.

"Baba alikuwa ameshaanza mzizi unaofuata," alisema. "Ungesubiri mpaka lini?"

Nampenda mno mwanamke huyu. Lakini chai yake, mpaka leo, huionja kidogo kwanza, naye husimama mlangoni akisubiri nimeze.