Kishada cha Sampuli

Kwaruu. Kimya. Kwaruu tena.

Kulikuwa hakujapambazuka, na nilidhani panya ameingia kwenye makatoni. Nyumba yetu ya Xiaobei, hapo Guangzhou, ilikuwa chumba na sebule, na sebule yote ilikuwa makatoni. Nikanyata bila kuwasha taa. Nikapapasa, mkono ukagusa nywele.

"Natalia. Unafanya nini?"

"Sifungui, mama. Nakishika tu."

Alikuwa amekaa sakafuni na boksi la kishada mapajani, anapitisha kidole juu ya plastiki. Ndani ya boksi kulikuwa na kipepeo wa kitambaa chekundu, wa kurushwa kwa kamba, mkia wake umekunjwa vizuri. Sampuli.

Kazi yangu ilikuwa kuwatafutia wenye maduka wa Moshi na Mwanza vitu vya watoto kwenye maduka ya jumla ya Yide Lu. Laoban, mwenye duka, alikuwa akiniazima boksi mojamoja nikalipige picha, niwatumie wateja. Sharti lake lilikuwa jepesi: ukifungua plastiki, ni yako. Basi binti yangu wa miaka minne alikua katikati ya midoli ambayo mtoto wa kwetu haioni hata Krismasi, na aliicheza yote kwa nje. Alimlaza mdoli na boksi lake. Alisukuma gari na boksi lake. Akiniuliza lini atafungua, nilimjibu lile lile: "Utafungua ukifika kwa Bibi."

Na Jumapili ile nilitakiwa niseme kama anakwenda kwa Bibi au haendi.

Dada Chausiku, mfanyabiashara wa Mwanza ninayemsaidia kununua mizigo, alikuwa anaruka Jumanne. Alikubali kumchukua Natalia mpaka kijijini Kilema, kwa mama mkwe wangu, akalelewe huko mpaka mume wangu Alphonce amalize masomo. Alichotaka ni jibu leo, akate tiketi ya mtoto; nikikataa, pesa hiyo aongezee mapazia ya biashara yake.

Nikapika chai ikafurika. Nikafuta meza, nikaifuta tena.

"Kule kuna uwanja," Alphonce akasema. "Kuna ng'ombe, kuna binamu zake. Hapa kuna nini?"

"Kuna sisi."

"Sisi tupo wapi, Mama Natalia? Wewe Yide Lu, mimi maabara. Mtoto anaongea na makatoni."

Nikaangalia simu. Nikaifunika kwa kitambaa cha vyombo, kisha nikaifunua.

"Twende hata mtoni," akasema. "Akumbuke kwamba tulimpeleka mahali."

Neno hilo lilinichoma, ila nilianza kusukuma chapati.

Tulikwenda Ersha, kisiwa cha katikati ya mto, kwenye majani yaliyo wazi ambako watu wa Guangzhou hurusha vishada. Natalia alibeba boksi lake kifuani njia nzima. Tukatandika kanga, tukapanga chapati na sufuria ya mayai. Alphonce akavua viatu, akakunja suruali, akafumba macho kuombea chakula. Akisali huwa hana haraka.

"Amina," nikasema.

"Sijamaliza. Sijashukuru chapati."

"Mungu ameziona, Baba Natalia."

Akacheka, akamalizia peke yake. Mimi nilikuwa nimeshainuka. Nikakaa. Nikainuka tena. Ng'ambo ya mto winchi zilikuwa zinazunguka hata siku ya Bwana, ghorofa juu ya ghorofa, kana kwamba mji mzima ulikuwa kama mimi, umeshindwa kutulia.

Upepo ukaja kutoka majini. Natalia akainua boksi juu ya kichwa kwa mikono miwili na kukimbia. Juu yetu vishada vya watoto wengine vilikuwa vinacheza. Cha kwetu kilikuwa kwenye plastiki, kinang'aa kwa jua. Akarudi anahema.

"Baba, kimeruka?"

"Kimeruka sana," Alphonce akamjibu, bila kunitazama.

Mama mmoja wa Kichina, aliyekuja na mjukuu wake, akaniuliza mbona mtoto hafungui. Kichina changu cha darasa la jioni kilikuwa cha bei na makatoni, lakini hilo nililielewa. "Si chake," nikamwambia.

"Sasa ni cha nani?"

Aliuliza tu kama mtu anavyouliza njia, akaenda zake kumfunga mjukuu kamba ya kiatu. Simu ikalia.

"We mdogo wangu," Chausiku akasema, "kwenye safari hii naweka mtoto au naweka mapazia?"

Natalia alikuwa amechuchumaa, anailisha chapati picha ya kipepeo iliyo juu ya boksi. Soksi zake zilikuwa zimejaa majani. Alphonce alikuwa na chembe ya yai kwenye ndevu. Shukrani ikanishika ghafla, kama kwikwi, nikashindwa kuimeza.

"Weka mapazia, Dada."

"Na mkweo?"

"Tutakwenda kwake wenyewe masomo yakiisha, wote watatu."

"Haya. Usije ukanipigia Jumatano unalia kwamba mtoto amekushinda."

"Kulia nitalia. Kukupigia, hapana."

Akacheka, akakata. Alphonce alikuwa ameacha kutafuna.

"Na atakaa na nani?"

"Asubuhi nitakwenda naye sokoni. Mchana sijui bado."

Aling'oa jani moja, akalisokota, akalitupa. Niliona uso wa mamake unapita machoni pake.

"Mchana niachie mimi," akasema mwishowe. "Maabara haina miguu."

Nikamwita Natalia. Nikachukua boksi, plastiki ikanishinda kwa kucha, nikaing'ata. Mtoto akanishika mkono kwa hofu.

"Mama, laoban."

"Nitamwambia nimekichukua. Vuta hapa."

Hakuvuta. Ikabidi nimshike vidole, tuvute pamoja. Kishada kilipotoka kilikuwa na harufu ya duka, na mkia ukakunjuka mpaka miguuni pake. Mara ya kwanza kilianguka kifudifudi kwenye sufuria ya mayai. Alphonce akakimbia nacho pekupeku, kikaburuzika, watu wakacheka, mimi nikimfokea alegeze kamba. Kisha upepo ukakipata. Kamba ikaniunguza kidole nilipompokeza Natalia, na moyo wangu ulikuwa bado unakimbia huku na huku: Jumatatu itakuwaje, sokoni nitamshika vipi, mkwe atasema nini. Hata hivyo nilisema asante, kwa sauti, na safari hii ni Alphonce aliyesema amina.

Akatoa simu yake kumpigia mama yake Kilema, ampe habari mwenyewe. Ikaita, ikaita. Natalia hakushusha macho. Alikuwa ameshika kamba kwa mikono yote miwili.

"Baba, mwambie Bibi nimefungua."