Mtu wa Boma la Muthama

Kila asubuhi baada ya uji, wazee waliotunzwa katika nyumba ya kanisa nje kidogo ya mji wa Wote walipewa vidonge vya usingizi. Wahudumu walikuwa wachache, na mzee akiwa macho ana maneno mengi. Jua lilipoanza kuchoma, nyumba nzima ilikuwa kimya, na Pasta Kiema, mkuu wa pale, akaandaa mahubiri yake bila bughudha.

Syokau alilala chali, mdomo wazi. Wakati huohuo alikuwa shambani kwa mwanawe Muthama, upande wa Sultan Hamud, akichimba mitaro ya kuzuia maji. Aliinama na jembe, akarusha udongo upande wa juu kama kina mama wenzake. Salamu hakujibu, maji hakuomba. Siku za mwethya, kazi ya ushirika ya kijiji, kila boma lilitakiwa kutoa mtu wa kuchimbia wengine kwa zamu, na Kalunde, mwenyekiti wa kina mama, alimhesabu Syokau kuwa mtu wa boma la Muthama. Kwa hiyo mke wa Muthama aliweza kukaa dukani. Mzee Ndolo, wa kitanda cha jirani, alikuwa akichunga mbuzi kwao Mwingi, na hilo nalo halikumshangaza yeyote.

Mwaka wa 1987 aliletwa muuguzi, Mutindi. Aliwakuta wazee wanaanguka wakienda choo, midomo imekauka, hawajui kama ni asubuhi au jioni. Alikasirika, na kusema kweli ilipaswa mtu akasirike mapema zaidi. Akaanza na Syokau, akimpunguzia dawa taratibu, mpaka akabaki na uji mtupu.

Syokau akaamka. Aliuliza ni nani aliyemnyoa nywele. Aligombeza jikoni kwa sababu mahindi na maharagwe ya isyo hayakuiva, kisha akacheka mwenyewe. Wala hakukumbuka kwamba amewahi kutoka pale hata siku moja.

"Sista, nataka kuona kwangu," alisema. "Nyumba yangu bado iko?"

"Iko, mwaitu, mama yangu. Mtoto wako akikuja tutamwambia akupeleke."

Mutindi alifurahi kupita kiasi. Muthama alifika wiki hiyohiyo, amevaa koti la kanisani na kubeba ndizi. Alikuwa mtu wa heshima.

"Sista, kuna shida gani hapa? Mama hajakuja mwethya. Kalunde anasema boma yangu imekataa kazi."

"Mama yako ako macho sasa. Anataka kurudi nyumbani."

Syokau alikuwa ameketi hapo kando yao. "Muthama, nipeleke. Kuchimba nitachimba na hii mikono yangu."

Muthama alimtazama kwa huruma ya kweli. "Mwaitu, ukikuja hivyo utataka kula. Utataka kupelekwa choo. Nani atabaki na wewe? Ukilala unakuja tu, na husumbui mtu."

"Lakini nikilala sioni kwangu."

"Sisi si tunakuona, mama?"

Pasta Kiema aliamua kwamba si vizuri mzazi azuiwe kuwasaidia watoto wake. Mutindi alibisha mpaka sauti ikamkauka, na pasta akamwambia kazi ikimshinda aseme. Syokau ndiye aliyenyoosha mkono.

"Leta, sista. Usipigwe kalamu ukose kazi kwa sababu yangu."

Akavimeza vidonge kwa uji, akajilaza mwenyewe.

Mvua za Novemba zilipokuja, mitaro ya Muthama ilishika maji vizuri kuliko ya jirani zake. Watu wakaona. Wakaanza kuleta mama zao kwenye nyumba ya kanisa, hata mama waliokuwa bado wanateka maji na kujipikia. Vitanda vikaongezwa.

Mutindi alipopata mapumziko alienda shambani kwa Muthama. Alimkuta Syokau ndani ya mtaro, akichimba. Nyumba yake ilikuwa nyuma yake, mlango wazi, kuku wakiingia na kutoka. Mutindi alimshika bega.

"Mwaitu, umefika. Geuka uone, hapa ni kwako."

Syokau alingoja muuguzi aondoe mguu kwenye udongo, kisha akaendelea kuchimba.