Kona ya Majivu ya Moto

Mama Cheche, mchomeleaji wa kiwandani, alikataa kiti. Alizunguka meza ya mhandisi kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mezani palikuwa na kipande cha bomba jipya, nje chuma, ndani mpira, na mhandisi alikuwa akilisifia: kule kunakopita mchanga na maji bomba la aina hii limedumu miaka sita. Basi lifungwe na huku, kwenye kona ya bomba inayopitisha majivu ya tanuri.

Kule maji, huku moto. Mama Cheche alilisema hilo mara tatu, na mara tatu aliambiwa asubiri.

Chini ya kona hiyo ndipo mdogo wake aliposimama kila zamu, akizoa majivu kwa koleo. Miaka tisa nyuma kona ya chuma kitupu ilitoboka mgongoni, pale majivu yanapogonga kwa kasi, na mzoaji wa siku ile alitolewa hana uso. Wakubwa wamesahau. Mama Cheche alishika machela upande wa miguu. Mpaka leo anakumbuka rangi ya soksi.

Akachomoa kisu, akabandua ukanda wa mpira, akatoka nao. Mhandisi na mafundi wakamfuata wakitaniana kwamba dada leo kaamua kupika. Akaulaza juu ya bomba la majivu lililokuwa kazini. Kicheko hakijaisha, mpira ukafuka moshi, ukalegea, ukanuka hadi mhandisi akaziba pua.

"Na hapa ni nje tu," Mama Cheche akasema. "Huko ndani je, baba?"

Mhandisi hakuwa mjinga, alikuwa mbishi. Akakubali liagizwe bomba lenye vigae vya kauri ndani, visivyojali moto wala msuguano. Ila litafika baada ya wiki tano. Mpaka hapo kona ya zamani iendelee. Kona hiyo ilishageuzwa, mgongo ukawa tumbo, na sasa imeliwa pande zote mbili.

Mama Cheche akashuka ngazi mbilimbili, akamvuta mdogo wake mkono.

"Dada, nitafukuzwa."

"Fukuzwa ukiwa na uso wako."

Akafunga valvu ya majivu, akaitia kufuli. Kiwanda kizima kikasita, kikanyamaza. Mhandisi alipofika akihema kuuliza nani kaamuru, makoleo saba ya wazoaji yalikuwa yamelala sakafuni, na hakuna aliyeinama kuokota lake.