Mkurugenzi Nkandu na Mtihani wa Kupindua Mashua

Katika chama cha mashua kilichokuwa kando ya bwawa, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka katikati ya Lubumbashi, ilikuwapo sheria moja ambayo hakuna rais wala katibu aliyewahi kuigusa. Mtu hakuruhusiwa kutoka gatini peke yake kabla hajaipindua mashua kwa mikono yake mwenyewe, akatumbukia majini, akaiinua tena na kuipanda, mbele ya wanachama wawili. Aliyefaulu aliandikwa katika daftari. Asiyefaulu alipanda na mwenzake, au alibaki ukumbini na bia yake.

Mwenye kulishika daftari alikuwa Chomba, mtunza mashua, mtu mfupi wa miaka sitini. Aliingia pale tangu enzi za Wabelgiji, akiwa kibarua wa kusimama majini na kuwashikia mabwana mashua zao ili wapande bila kulowa. Mabwana wengi walikuwa wamekwisha kwenda zao. Mwaka huo wa sabini na tano zilibaki mashua kumi na moja, na rais mpya wa chama akawa Nkandu, mwananchi au Citoyen kama watu walivyoamriwa kuitana siku hizo, mkurugenzi wa wafanyakazi katika kampuni ya shaba.

Nkandu alikuwa mtu wa haki kazini na wa majivuno kidogo mezani. Alizaliwa katika kambi ya wachimbaji, na maji aliyoyajua utotoni ni yale ya bomba la pamoja, mahali akina mama walipopanga ndoo zao. Lakini siku ya kukabidhiwa urais, glasi zikigongana, mtu mmoja alimwuliza kama bwawa halimtishi, naye akajibu kwamba ujanani aliuvuka mto Luapula kwa kuogelea, kwenda na kurudi. Watu wakapiga makofi. Ngosa, mkuu wa ofisi yake, akalipeleka neno hilo kazini, na baada ya juma moja mto ulikuwa umeongezeka upana, na mamba wawili wamekwisha kuingia ndani yake.

Basi kamati ikaamua kwamba tarehe ishirini Mei, sikukuu ya Chama cha taifa, rais angefungua msimu wa pepo za kiangazi kwa kulizunguka bwawa peke yake, wajumbe wa Chama hicho wakitazama.

Zikiwa zimesalia wiki nne, Nkandu alifika bwawani amevaa abakosti ya kijivu, suti isiyo na tai waliyovaa wakubwa wote, akamkuta Chomba akisugua ubavu wa mashua kwa msasa.

"Chomba, leta daftari. Andika jina langu."

Mzee akapangusa mikono. "Mukubwa atapindua siku gani? Nitayarishe mashua."

"Hakuna kupindua. Mimi ni rais."

"Ndiyo vile, Mukubwa. Hata rais wa mbele yako alipindua. Alikuwa na tumbo sawa pipa, lakini alipindua."

"Sikukuuliza tumbo la mtu. Andika!"

Chomba aliukunja msasa wake taratibu, akautia mfukoni. "Kulikuwa monsieur moja wa benki. Alisema, miye najua, haina lazima ya mtihani. Katibu akaandika jina yake juu ya urafiki. Mashua ilirudi peke yake. Yeye tulimupata kesho yake, mu majani. Tangu ile siku kitabu iko na miye."

"Unajua kwamba naweza kukufukuza kazi?"

"Minajua, Mukubwa. Lakini mashua sitakupa."

Nkandu akaondoka bila kuaga. Ndani ya gari alijua vema kwamba kilichomwondoa pale kilikuwa hofu kuliko hasira. Kila alipoifikiria siku ile ya ishirini, aliona maji yakimfunika uso. Na kila alipofikiria kusema kweli, aliona uso wa Ngosa.

Nyumbani alimkuta mkewe akipiga pasi. Vitambulisho vya mama huyo vilisema Ngalula tangu serikali ilipofuta majina ya ubatizo, lakini ndani ya nyumba aliendelea kuwa Hortense, kama masista waliomlea kule Kasai walivyomwita.

"Kesho namwondoa yule mzee," Nkandu alisema.

"Anakukosea nini, Baba Mimi?" mkewe akauliza, akimwita kwa jina la binti yao wa kwanza.

"Ananidharau. Mtu aliyeuvuka Luapula..."

Hortense aliisimamisha pasi. "Luapula gani? Ile ya Kasenga? Tulikuwa wote juu ya kivuko, siku ya matanga ya shangazi yako. Ulishika mukono yangu mupaka vidole vikakufa."

Nkandu akaketi, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Sikiliza," mkewe akasema, sauti ikishuka. "Batu batacheka siku moja, mbili, batachoka. Miye sitaki kuvaa nguo nyeusi sababu ya uongo ya mezani."

Asubuhi iliyofuata, kabla ya king'ora cha kiwanda, Nkandu alikuwa tena bwawani. Baridi ilikuwa kali, na ukungu ulilala juu ya maji. Alisimama mbele ya mzee kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Chomba, sijui kuogelea."

"Minajua. Tangu siku ya kwanza. Mutu mwenye kujua maji, akipita pa gati, anaangalia mbali. Weye unaangalia mbao, moja moja."

"Na ulinyamaza?"

"Haukuniuliza, Mukubwa. Vua viatu."

Kwa siku tisa za kwanza Nkandu hakuigusa mashua. Chomba alimpa beseni, akamwamuru atie uso ndani na ahesabu hadi ishirini. Kisha akamsimamisha majini hadi kiunoni, hadi kifuani, akamvika jile ya kuelea, kizibao cha kumzuia mtu asizame, na kumlaza chali. Hakumbembeleza wala hakumcheka. Mkurugenzi alikunywa maji ya bwawa hata akakifahamu kila kionjo chake; alikohoa ofisini, na Ngosa akamletea chai ya ndimu akimpa pole ya mafua. Ndipo yakaja mafunzo ya mashua. Ikilala, mtu azunguke upande wa tumbo, apande juu ya ubao unaotokeza chini yake, ashike ukingo na kuegemea nyuma.

"Usiivute na hasira," Chomba alisema. "Egemea, ungoje. Mashua yenyewe inapenda kusimama."

Mashahidi wawili ndio waliotakiwa Jumamosi ya mtihani, lakini Ngosa alikuwa ametangaza, wakaja watu zaidi ya ishirini. Nkandu alitoka hatua chache tu, akaivuta mashua upande, ikapinduka. Tanga likamwangukia kichwani. Chini yake kulikuwa giza na kitambaa kilichomshika uso kama kiganja, na yote aliyofundishwa yakamtoka. Alipolisukuma tanga hatimaye na kutokeza, alilia kwa sauti kuu, mbele ya wote:

"Mama yangu!"

Kicheko kikapasuka gatini. "Citoyen Président!" Ngosa akapaza sauti. "Mamba beko wapi?"

Chomba alisimama majini hadi kiunoni, mikono kifuani. Angeigusa mashua, mtihani ungekwisha. Nkandu alishika ubavu wa mashua, akipumua kwa shida. Neno jepesi, kwamba alikuwa akifanya mzaha tu, lilikuwa pale pale mdomoni.

"Hakuna mamba!" akajibu. "Sikuogelea Luapula. Nilivuka na kivuko, macho nimeyafunga. Kuogelea najifunza wiki ya tatu sasa."

Ngosa akavua kofia yake, akaigeuza mkononi, asijue aiweke wapi.

Nkandu akazunguka upande wa tumbo. Alipanda ubao, akateleza. Akapanda tena, akateleza. Mara ya tatu alishika ukingo, akaegemea nyuma na kungoja, meno yakigongana. Na mlingoti ukaanza kunyanyuka, polepole, tanga likimwaga maji, hata mashua ikasimama. Akajitupa ndani yake kama gunia la unga. Safari hii waliocheka walikuwa wakipiga makofi.

Tarehe ishirini ngoma zililia tangu asubuhi. Mkurugenzi alishuka gatini amevaa jile juu ya sare, na mjumbe mmoja akauliza kwa mshangao ni ya nini.

"Ni ya mtu asiyejua sana kuogelea, Citoyen," Nkandu akamjibu, akapanda.

Alifika nusu ya bwawa upepo ukafa. Wajumbe walingoja robo saa, wakatazama saa zao, kisha harufu ya mbuzi wa kuchoma ikawaita ukumbini, nao wacheza ngoma wakawafuata. Ngosa akataka kutuma mtumbwi wa kumvuta. Chomba akamwambia amwache.

Upepo uliporudi, ulikuja mdogo, ukiyakunja maji. Nkandu akaikaza kamba, akamaliza mzunguko wake, akalikaribia gati alipobaki Hortense peke yake na sahani iliyofunikwa.

"Baba Mimi, shuka! Nyama itakuisha!"

Akampungia mkono, akageuza usukani, akaanza kuzunguka mara ya pili.