Dakika Kumi na Nusu

Fundi Saa alipofariki aliacha saa kumi na tisa za wateja, santuri sitini na kitu, na ugomvi mmoja. Saa zilirudi kwa wenyewe ndani ya mwezi. Santuri zilibaki kwenye rafu, zimesimama bega kwa bega. Ugomvi ndio uliobaki kooni mwa mkewe kama mwiba wa samaki.

Mkewe alishona sare za shule, na mtaa mzima ulimwita Mama Sare. Muziki wa mumewe hakuujua sana. Aliusikia kupitia ukutani kila asubuhi, cherehani ikiwa inanguruma, na alizijua santuri kwa rangi za majalada tu: ile ya kijani, ile ya kahawia, ile yenye picha ya kochi.

Mumewe alikuwa na wenzake kumi kwenye simu, wapenzi wa muziki wa klasiki kama yeye, wengi wao hawajawahi kuonana. Kila asubuhi kabla ya kazi kila mmoja alisikiliza kitu, kisha akawaandikia wenzake: amesikiliza rekodi ipi, imechukua dakika ngapi kwa saa yake, na sentensi moja ya alichosikia. Neno "nzuri" lilipigwa marufuku. Aliyeliandika alichekwa mpaka jioni. Nesi alisikiliza akishatoka zamu ya usiku, miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi. Daktari wa Meno alisikiliza kabla ya mgonjwa wa kwanza, akisema baada ya hapo atasikia vilio tu.

Wiki moja walikubaliana wote wasikilize rekodi ile ile, ya jalada la kijani, ule upande wa polepole wa chelo, ile fidla kubwa, na piano. Majibu yakaja: dakika tisa na sekunde hamsini. Tisa na hamsini. Tisa na hamsini. Fundi Saa akaandika: "Kumi na nusu. Huyu wa chelo hana haraka, kila noti anaisindikiza mpaka mlangoni."

Daktari wa Meno akamjibu mbele ya wote: "Fundi, hizo sekunde arobaini umeziokota wapi? Au leo umeandika bila kusikiliza?"

Kwa watu wale hilo lilikuwa tusi zito. Fundi Saa aliandika maneno manne, "Mimi ni fundi saa," akaiweka simu kifudifudi mezani. Hakuwaandikia tena. Siku ya kumi na tisa baada ya hapo moyo wake ulisimama akiwa dukani, miwani ya kukuzia ikiwa bado jichoni.

Miezi minne sasa Mama Sare alikuwa akijiuliza swali moja. Je, asubuhi ile yeye aliisikia chelo kupitia ukutani? Alijaribu kukumbuka, akakumbuka sketi tu. Shule zilikuwa zinafungua, cherehani haikupumzika, sketi arobaini. Ukutani hakukumbuka kitu. Mumewe alikuwa mchovu siku zile. Huenda kweli aliandika tu, ili wenzake wasimwone amekosa.

"Wifi, hayo mambo yaache," dada wa marehemu alimwambia, akiwa amekuja kumsaidia kupiga pasi. "Mtu ameshakwenda. Unahesabu sekunde za nini?"

"Aliitwa mwongo."

"Na muziki wenyewe ule ule wa kusubirishwa kwenye simu ya benki. Kaka yangu angepata ugomvi wa maana basi, hata wa kiwanja."

Mama Sare alicheka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Wifi alipoondoka aliizima pasi, akaingia chumba cha pili, akaitoa ile ya kijani kwenye jalada. Aliiweka kwenye mashine ya kuchezea santuri, akateremsha sindano kwa uangalifu kama anayemshonea mteja mgumu. Mkononi alishika saa ya kupimia, ile ambayo marehemu hakuruhusu mtu aiguse.

Alikaa kwenye kiti cha mumewe mpaka sauti ya mwisho ikafa. Akabonyeza. Dakika kumi na sekunde thelathini.

Alimpigia Daktari wa Meno hapo hapo, kwa simu ya marehemu. "Shemeji, njoo. Na santuri yako ya kijani uje nayo."

Daktari alifika Jumamosi mchana, koti la kazi mkononi, mnyonge kama mtoto aliyeitwa ofisini. Aliuliza hali, akaulizwa hali.

"Shemeji, yale niliyoandika..."

"Sikukuitia hayo. Kaa. Shika saa."

Wakaiweka santuri ya marehemu. Kumi na nusu. Daktari akaitazama saa, akaitikisa, akaiweka sikioni. Wakaiweka santuri ya Daktari mwenyewe, aliyokuja nayo kwapani. Katikati Daktari akaanza kukunja uso. Akaimba kwa mdomo uliofumbwa, akanyamaza, akaimba tena juu kidogo. Ilipokwisha, saa ilisoma kumi na nusu.

"Hii ni yangu," alisema taratibu. "Nyumbani ni tisa na hamsini, miaka yote. Na hapa sauti imeshuka. Shemeji, ni mashine. Inazunguka polepole."

Mama Sare aliinamia mashine. Alilitoa lile sinia linalobeba santuri, na chini yake akaona kitu alichokijua kuliko wote waliomo kwenye kundi lile: mkanda wa mpira. Aliubana kwa vidole viwili. Ulikuwa umelegea, unang'aa kwa uchakavu, sawa kabisa na wa cherehani unapoanza kuruka mishono.

"Huu umekufa siku nyingi," alisema.

"Na yeye hakujua?"

"Angejuaje? Saa yake ilikuwa sahihi. Kitu kikigombana na saa yake, saa ndiyo iliyoshinda, siku zote."

Daktari alivua miwani akaifuta kwa shati, muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Kwa hiyo alisikiliza," alisema. "Alikaa hapa akasikiliza mpaka mwisho, akapima, akatuandikia alichokiona. Na mimi nikamwambia vile."

"Ndiyo."

"Nitawaandikia wote sasa hivi. Kwamba Fundi alipima kweli, tena kumi na nusu yake nimeishuhudia mara mbili."

Akaanza kuandika. Mama Sare alimtazama kidole kikienda, akahisi ule mwiba unaanza kulegea. Kisha akaona Daktari amesita.

"Huu mkanda niutaje?" Daktari aliuliza. "Naweza kuishia hapo kwenye kumi na nusu. Watajua hakudanganya, inatosha. Tukiutaja watasema fundi saa mzima aliishi na mashine inayochelewa. Nesi atacheka."

Mama Sare alifikiri. Ilikuwa rahisi kumwachia ushindi mtu asiyeweza tena kujitetea. Lakini alimkumbuka mumewe akimrudishia mteja saa: kabla ya kusema imepona alimwambia kwanza ilichelewa kwa kiasi gani.

"Utaje," alisema. "Alikosea. Kukosea si kudanganya, na hilo ndilo nililotaka wajue. Acha wacheke."

Daktari aliandika yote, mkanda na aibu yake mwenyewe, akatuma. Simu ikaanza kutetemeka mezani, ujumbe mmoja baada ya mwingine. Hawakuzisoma kwanza.

"Nikuletee mkanda mpya?" Daktari aliuliza.

"Utaleta. Lakini kuna santuri sitini hapa ambazo sijazisikia, na yeye alizisikia hivi hivi, kwa mwendo huu. Nataka nizipitie kwanza."

"Zote?"

"Sare ni mpaka muhula ujao. Nina nafasi."

Daktari aliitazama rafu, kisha kiti kilichobaki kando ya dirisha. Alilitundika koti lake nyuma ya mlango. Mama Sare alivuta jalada la kahawia, akampa alishike wakati yeye anairudisha ile ya kijani mahali pake.