Salamu ya Kumi na Tano

Kila mchana sisi mafundi cherehani watano tulitegeana mafumbo ya hesabu. Siku hiyo alikuwepo shemeji yangu, mhasibu mwenye digrii. Nikauliza: watu sita wakipeana mikono, kila mmoja na kila mwenzake mara moja, salamu zitakuwa ngapi?

“Thelathini,” akasema shemeji.

“Kumi na tano. Kila salamu umeihesabu mara mbili.”

“Wewe wa darasa la saba? Ukikosea, uache mafumbo, ushone tu.”

“Sawa. Tusimame.”

Tukapeana mikono, na kila salamu nikaichorea mstari mezani kwa chaki. Mistari ikafika kumi na minne. Tukabaki mimi na shemeji. Akatia mkono mfukoni.

“Bado moja, shemeji,” nikasema, mkono nimeunyoosha. “Sina haraka.”